Saa Isiyoguswa

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza jana, na leo nimefungua duka nikakuta foleni ya saa zenye jasho. Kioo kimefanya ukungu, mwenyewe anaapa hakuoga nayo. Wote huapa. Nimezifungua, nimezianika chini ya taa. Paa linavuja palepale pa mwaka jana, juu ya kabati la vipuri. Nimetega ndoo.

Jumatano, 6 Machi

Betri, mikanda, betri.

Jumamosi, 9 Machi

Kama kuna siku ya kuandikwa, ni hii.

Saa nne hivi, mvua ikimwagika kama mtu ana hasira nayo, akaingia mama mmoja na mwavuli mpana kuliko mlango wangu. Bangili mpaka karibu na kiwiko, manukato yamemtangulia. Nilimjua kabla hajafunga mwavuli, nimewahi kumwona kwa mbali. Mke wa Asilia.

Asilia si jina lake. Ni sisi tulimpa, mimi na marehemu mume wangu, maana neno hilo halimtoki mdomoni. Anakusanya saa za zamani, yeye na wenzake wenye chama chao cha kila Jumapili, na kwao saa nzuri ni ile isiyoguswa na mtu. Uso asilia, mishale asilia, hata mkwaruzo ukiwa wa zamani unahesabiwa kuwa asilia. Ukiipaka rangi upya, ukiipiga msasa, umeiua.

Yule mama hakunijua. Ameambiwa tu kuna fundi mwanamke mwenye mkono mwepesi. Akatoa kiboksi, akakifungua juu ya meza yangu. Ni ile yenyewe. Saa ya mkono ambayo uso wake ulitoka kiwandani mweusi, jua la miaka mingi likaugeuza kahawia, rangi moja safi kuanzia ukingoni hadi katikati. Wenye kuzijua wanasema zilizogeuka vizuri namna ile ni za kutafuta kwa tochi. Asilia aliwahi kusema moto ukiwaka nyumbani ataokoa ile kwanza.

Mkewe alitaka nini? Mume amesafiri kikazi, atarudi mwisho wa mwezi, na akirudi anastaafu. Kutakuwa na sherehe. Anataka kumshtukiza: saa anayoipenda kuliko zote ing'ae kama imetoka dukani leo, ganda la chuma lipigwe msasa, uso upakwe upya, maana huo uso, alisema, umeoza, utafikiri mtu kaumwagia chai.

Nilimtazama usoni nione kama ananitania. Hanitanii. Mungu wangu, hanitanii hata kidogo. Nikamwambia, niachie dada, nitaifanya mwenyewe, hata hutaitambua.

Jumapili, 10 Machi

Sikwenda popote. Nimekaa na ile saa mbele yangu.

Niandike yote, nisije nikapoa. Miaka miwili iliyopita Asilia alileta kwa mume wangu saa ya dhahabu yenye mikwaruzo. Mimi nilikuwa palepale, nachemsha chai nyuma ya pazia. Mume wangu alimsihi isiguswe, akamwonyesha na kingo zake, akamwambia tukipiga msasa hizi zitalika na hazirudi. Asilia akasema, kwa sauti yake ile ya mtu anayesikilizwa, "Ing'arishe mpaka nijione." Ikang'arishwa. Wakati ule hata yeye alikuwa hajaijua vizuri dini yake mpya.

Baadaye akaja mnunuzi mgeni kwenye chama chao, akaishika, akairudisha mezani, akasema hii imeuawa. Na Asilia, mbele ya watu wote, akasema fundi aliing'arisha bila idhini yake.

Neno moja tu hilo. Mume wangu wakambandika jina la Msasa. Wateja wakubwa wakahama mmoja mmoja, wakibaki kutusalimia kwa mbali kama watu wanaodaiwa. Nilimwambia aende akajitetee, mimi ni shahidi. Akakataa. Alikuwa na sheria yake tangu ujana, kwamba mteja hasutwi mbele za watu. Akanyamaza, kimya kikamla. Mwaka haukuisha tukamzika. Daktari alisema ni moyo. Sawa, moyo. Mimi nina langu.

Na leo mke wa mtu huyo kanikabidhi kisu kwa mpini, na kaniambia na mahali pa kuchoma. Kazi imeagizwa, itafanywa vizuri, nani atanilaumu? Malipo ni hapahapa duniani.

Jumanne, 12 Machi

Mvua mchana kutwa. Nimechonga kijiti kipya cha kuwekea msasa.

Alhamisi, 14 Machi

Mke wa Asilia kapita kuulizia. Nikamwambia bado, kazi nzuri haina haraka. Nilitaka aondoke, mvua ikamzuia, akaketi kwenye kiti cha wateja akatazama ndoo yangu. Anaongea sana huyu mama. Anacheka kabla hajamaliza kisa. Nilimchukia kwa bidii, na bado nikajikuta nimecheka mara moja. Ni kuhusu bosi wa zamani wa mumewe na nywele zake za bandia, sitakiandika.

Jumatatu, 18 Machi

Kaja tena, safari hii na karatasi la plastiki. Kabla sijamkataza kavua viatu, kapanda stuli na bangili zake zote, kaziba paa. Halivuji. Fundi niliyemlipa mwaka jana aliliongezea tundu.

Amenisimulia nyumbani kwao kuna kabati la vioo ambalo haruhusiwi kulifuta vumbi. Mwaka fulani alifuta saa moja kwa kitambaa, kwa nia njema, na mumewe akasusa chakula cha nyumbani wiki nzima. Anayasimulia haya akicheka. Kisha akasema, bila kucheka, "Dada fundi, mimi nataka siku moja afungue kitu nilichompa mimi, akitazame kama anavyovitazama vile."

Nikasema chai imepoa.

Ijumaa, 22 Machi

Nimemweleza binti yangu, maana siri hii imenijaa mpaka kooni. Yeye ni muuguzi, mwenye subira na wagonjwa ila si na mimi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza huyo mama kanikosea nini. Nikamwambia yeye si shabaha. Akasema, ndiyo, yeye ni mlango tu, nami nataka kuuvunja nipite. Kisha kaenda zamu. Amenichafulia siku.

Jumamosi, 23 Machi

Sikulala vizuri, msasa uko mkononi kimawazo. Nikiugusisha kwenye lile ganda, basi. Hakuna fundi duniani wa kurudisha chuma kilicholika. Na lawama itamwangukia nani ndani ya nyumba ile? Si mimi. Yule aliyeziba paa langu.

Halafu, nikitafuta bisibisi, nikavuta droo ya mume wangu ya chini kabisa, nikakuta jibu limelala humo.

Ni saa ya aina ileile. Aliinunua mashine yake ya ndani imeshakufa, akaifanya upya ganda na uso kwa kujifurahisha, enzi zile kupaka upya bado ilikuwa sifa. Uso mweusi unaowaka, namba nyeupe kama meno ya mtoto, mishale imenyooka. Ameupaka kwa mkono wake mwenyewe. Hutauona ulipoanzia wala ulipoishia.

Nikaijua kazi ya kufanya. Mashine ya Asilia, ambayo ndiyo yenye namba ya kiwanda, nikaitoa kwenye ganda lake nikaivika ganda, uso na mishale ya marehemu. Atakapoifungua nyuma, maana lazima ataifungua, ataikuta namba yake na atajua bila shaka kwamba ni saa yake na imeuawa. Vya kwake vyote, uso wa kahawia, mishale, ganda lenye mikwaruzo yake, nimevifunga kwenye karatasi laini ndani ya kopo. Sijavigusa hata kwa kidole, nimetumia kibano.

Atateseka kwanza. Nitaamua mimi mpaka lini. Na muda wote huo atakuwa amevaa mkononi kazi ya Msasa.

Jumatano, 27 Machi

Mke wa Asilia kaichukua. Alipoiona aliziba mdomo kwa viganja, machozi yakamlenga. Kanikumbatia. Manukato yamebaki kwenye kanga yangu hadi sasa.

Jumatatu, 1 Aprili

Sherehe ilikuwa jana. Sijasikia kitu. Mvua, betri.

Jumatano, 3 Aprili

Kaja bila bangili. Nilijua kabla hajaketi.

Anasema Asilia alifungua boksi mbele ya wageni, akatabasamu, akambusu paji la uso, watu wakapiga makofi. Kisha akaingia chumbani, akakaa kidogo, akatoka na kuendelea na wageni hadi mwisho wa hotuba. Tangu hapo hajamsemesha. Si kwa hasira, anasema, afadhali ingekuwa hasira. Anapita sebuleni kama anapita mahali pasipo na mtu. Jana alimwuliza amefanya kosa gani, akajibiwa neno moja, "Umeiua," na hakujua nini kimekufa.

Ikabidi nimweleze mimi. Nikamweleza kuhusu uso wa kahawia na wakusanyaji na dini yao. Alisikiliza huku akizidi kunywea. Aliuliza kwa nini sikumwambia mapema. Nikasema mteja akiagiza, fundi anafanya. Uongo mzuri wenye ukweli ndani yake.

Alilia palepale kwenye kiti. Kopo lilikuwa kwenye droo karibu na goti langu. Nilisema pole. Sikulifungua.

Jumamosi, 6 Aprili

Amekuja, amelia, ameondoka.

Jumanne, 9 Aprili

Binti yangu hanisemeshi. Nyumba mbili sasa zimenuna kwa saa moja. Ningeweza kumaliza leo. Kila nikinyoosha mkono kwenye droo naiona sura ya mume wangu ile siku aliyorudi kutoka sokoni, akaniambia mtu kamwita Msasa mbele ya watoto. Alikuwa anacheka wakati ananiambia. Mkono unarudi.

Jumatatu, 15 Aprili

Leo nimeipata sababu niliyokuwa nikiisubiri bila kujua ninaisubiri.

Muuza mikanda anayeshinda kwenye vikao vyao kanipitia na habari motomoto. Jumapili Asilia aliulizwa saa iko wapi, na akasema imeharibiwa na mafundi walewale, ukoo uleule, wamemwulia saa ya pili. Hakutaja kwamba mkewe ndiye aliyeagiza. Bora waseme ana fundi mharibifu kuliko waseme nyumbani kwake thamani ya saa yake haijulikani.

Basi, siku za mwizi ni arobaini. Alipoagiza ile ya kwanza nilikuwa nyuma ya pazia. Hii ya pili pazia sina.

Nimempigia simu Asilia mwenyewe. Nikasema njoo dukani, nina kitu chako.

Jumanne, 16 Aprili

Alikuja mvua ikiwa imeshika kasi, bila mwavuli. Amezeeka. Alianza kuniita shemeji, kama zamani alipokuwa akinywa chai yangu, nikamwambia hapa hakuna shemeji, aliyetuunganisha yuko makaburini.

Akapandisha sauti. Akasema nilikusudia, nilimtumia mke wake asiyejua kitu, nimeiharibu saa ambayo hata nikifanya kazi mpaka kufa sitailipa. Nilimwacha atoe yote. Alipoishiwa pumzi nikafungua droo, nikalitoa kopo, nikafunua karatasi. Uso wa kahawia ukatazama juu.

Aliketi pale anapoketi mkewe. Akanyoosha mkono, nami nikalifunga kopo.

"Jumapili," nikamwambia, "mbele ya wenzako wote, utasema nani aliagiza ile ya dhahabu ing'arishwe. Ukishasema nitakurudishia kila kitu palepale. Usiposema, kopo hili nalitia msasa."

Akauliza kama ninajua ninachomwomba. Nikamwambia ninajua vizuri kabisa, maana mume wangu alitwishwa aibu hiyohiyo bila hatia na akaibeba.

Mvua ilipiga bati, paa halikuvuja. Mwishowe akakubali, akatoka na kulowa tena.

Alhamisi, 18 Aprili

Mke wake kaja. Safari hii hakuketi. Mumewe kamweleza yote, nadhani ndiyo mara ya kwanza wamezungumza tangu sherehe.

Nilianza kumweleza habari za mume wangu, akaniinulia mkono. Alisema hayo ameshayasikia, na kwamba mumewe alikosea, na kwamba yeye mwenyewe angemlazimisha kutubu kama mtu angemwambia. Hakuongea kwa ukali. Kisha akasema, "Lakini lilikuwa kwenye droo. Ulinitazama nikilia, na lilikuwa kwenye droo."

Nilisema ndiyo.

Alifungua mwavuli ndani ya duka, jambo ambalo yeye mwenyewe aliniambia lina nuksi, akaenda.

Jumamosi, 20 Aprili

Nimepiga pasi gauni la msibani.

Jumapili, 21 Aprili

Wanakutana ukumbi mdogo nyuma ya hoteli, meza ndefu yenye kitambaa cha kijani, kila mtu na kiboksi chake wazi mbele yake. Nilipoingia na vifaa vyangu na kopo langu, maongezi yalikatika. Walinijua wote. Daktari wa meno, ambaye ndiye mwenyekiti wao, akanivutia kiti. Wamekuwa na adabu siku zote, hilo siwanyimi.

Asilia alisimama. Nilidhani ataipindisha, atasema tulielewana vibaya, atasema mambo ya zamani. Hakufanya hivyo. Alisema, huku akitazama kitambaa cha meza, "Ile ya dhahabu niliagiza mimi. Fundi alinikataza. Nilimsingizia." Akaketi.

Nilikuwa nimeisubiri sentensi ile kwa miaka miwili. Nilikuwa nimeshawapa kila mmoja wao sura yake, huyu atashtuka, huyu atainamisha kichwa, huyu atamtazama Asilia kwa kinyaa. Nikawatazama. Hakuna aliyeshtuka. Mmoja alikuwa anakunja kitambaa cha kufutia kioo.

Ndipo daktari wa meno akaniinamia, kwa upole wa mtu anayemliwaza mgonjwa, akasema, "Mama, sisi hilo tulilijua. Hata wakati ule tulilijua. Mumeo hakuwa mtu wa kugusa saa ya mtu bila kuambiwa."

Nikamwuliza kwa nini hawakusema.

Akasema haikuwa vizuri kumwumbua mwenzao. Wengine wakatikisa vichwa kukubali. Mmoja akaongeza kwamba marehemu alikuwa fundi bora kuliko wote, na kwamba wamemkosa sana.

Wamemkosa. Yeye alikufa akiamini wanamwona mharibifu, akizunguka njia ya nyuma ili asipite mbele ya ofisi zao. Na wao walijua, wakawa wanamwita Msasa na kunywa soda zao. Nilikuja na hasira ya mtu mmoja, nikajikuta sina ya kuwatosha wote waliokaa mezani.

Asilia akanisogezea saa, nikakaa nikafanya kazi niliyoahidi. Nikatoa mashine kwenye ganda la marehemu, nikairudisha kwenye la kwake, uso wa kahawia, mishale yake, mikwaruzo yake. Walisimama kunizunguka wakishusha pumzi kwa uzuri wa kile kitu. Ganda na uso wa mume wangu nikavitia kwenye mkoba, nikaondoka.

Jumatano, 24 Aprili

Mvua kidogo. Nimelala mchana.

Jumatatu, 6 Mei

Wameanza kuja. Nadhani kwao mambo yameshaisha, ukweli umesemwa, duka ni safi tena. Wa kwanza daktari wa meno. Saa yake inapoteza dakika, na fundi aliyemhamia baada yetu amefunga akahamia kutengeneza simu. Siku hizi mjini hapa anayezijua saa za zamani nimebaki mimi.

Nikaishika, nikaiweka sikioni. Inakwaruza kama jino bovu, yeye angejua. Nikamrudishia. Nikamwambia ni nzuri mno, haijaguswa na mtu, sitaki kuwa wa kwanza.

Alicheka, akidhani utani. Akaja mwingine, naye hivyohivyo. Saa ya mkono isiposafishwa ndani mafuta yake hukauka, halafu vyuma hutafunana vyenyewe kwa vyenyewe mpaka visimame. Wanalijua hilo. Daktari wa meno aliporudi siku nyingine hakucheka tena.

Jumamosi, 11 Mei

Jua. Barabara imekauka na vumbi limerudi. Nafikiri msimu umekwisha.

Asilia alikuja jioni. Uso wa kahawia umesimama, umegoma tangu juzi. Sikushangaa, maana siku ile kuitoa nikaitoa, kuirudisha nikairudisha, na mafuta sikuitia hata tone. Aliiweka mezani bila kuniita shemeji wala mama. Akasema ananiomba. Akasema masharti yoyote.

Sikuifungua. Nikamwambia, "Yako ndiyo asilia kuliko zote. Vumbi lake, mafuta yake yaliyoganda, kila kitu cha kwake kimo. Nikiigusa nitaiua."

"Sasa nifanye nini nayo?"

"Itazame."

Alisimama pale hadi taa za barabarani zikawashwa, kisha akaichukua akaondoka. Utamu wake siufichi, nimeulamba mpaka kwenye vidole. Nilitamani mume wangu awe nyuma ya pazia, ingawa ninajua angetoka akachukua saa ya watu akaitengeneza.

Nikafunga duka. Kabla ya kwenda nyumbani nimempigia tena mke wake, kama jana, kama juzi. Simu inaita, haipokelewi.